Kofia ya Chuma Usiisugue

Mjukuu wangu Rajabu, mume wangu mdogo,

Sie huku Mbagala wazima, mama yako anakusalimia. Mie roho juu tu: huko Mwanza unakula?

Umeuliza hiyo kofia ya askari uliyoinunua kwenye vyuma chakavu, utajuaje kama ni ya zamani kweli. Kwanza usiisugue. Nilipokuwa msichana, baba alitaka kuuza kofia ya vita aliyoachiwa na baba yake. Nikaona aibu mnunuzi aikute na kutu, nikaisugua kwa majivu na makumbi ya nazi kama sufuria, rangi yote ikatoka. Ndani sikugusa, maana kuku alikuwa ameatamia humo, ananidonoa.

Mnunuzi akasikitika. "Binti, umeosha bei yote."

Kisha akamwinua kuku, akafunua mkanda wa ngozi wa ndani. Muhuri wa kiwanda upo, na jina limechorwa kwa msumari.

"Mshukuru kuku. Sasa naichukua."

Baba hakujua kusoma, ila jina la baba yake alilijua lilivyoandikwa. Akaligusa kwa kidole, akacheka, akamrudisha kuku kwenye mayai yake.

"Bwana, haiuzwi tena."

Ninayo mpaka leo. Yako nayo ifunue ngozi taratibu, uniambie kaandikwa nani.

Bibi yako anayekuombea,
Bi. Mwajuma