Ndizi za Mama Kwenye Matumbawe

Mafia

Mdogo wangu Koku,

Hao watoto wa marehemu kaka bado hawajakumaliza huko Buhembe? Huku jua linachoma, na Mama amegombana na bahari.

Jana alikataa wali kabisa. Akamenya zile ndizi tulizobeba kutoka nyumbani, akazitia kwenye sufuria, akaiweka juu ya matumbawe yaliyoachwa wazi na maji kupwa, akaenda kuokota kuni kama vile yuko ziwani kwetu. Kurudi, maji yamejaa, sufuria haipo. Akafoka, "Ziwa letu lina adabu, halihamihami!"

Mara Mzungu mmoja aliyekuwa akipiga mbizi kutazama samaki akaibuka na ndizi iliyomenywa, akatuonyesha kwa mshangao, kisha akaing'ata. Mama akampigia kelele kwa Kihaya kwamba haijapikwa. Mzungu akatema, akampungia mkono kwa heshima. Mama akaketi mchangani, akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

Koku, sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike kaka. Wakumbatie watoto wote. Waambie sufuria imepotea, ila bibi yao tumempata.

Dada yako,
Asimwe