Stima ya Baba Shirley

Mshauri wetu, pole kwa kazi, mimi ni mama huku karibu na Litein na naomba unisaidie kabla sijavunja nyumba yangu kwa mikono yangu. Msichana wangu Shirley, miaka tisa, hushikwa na kifafa, na daktari wa kliniki alinieleza vizuri, akachora hata picha, akasema mwili umejaa vitu vidogo vinaitwa seli, kila seli ina ngozi nyembamba, na kwa ngozi hiyo kuna protini zimekaa kama milango, sasa umeme wa hapo ukibadilika kidogo protini zinasogea, mlango unafunguka, chumvi inaingia, na milango ya Shirley inachelewa kujifunga. Mimi nilishika hapo kwa umeme. Mume wangu Jackton ni fundi wa stima kwa kiwanda cha majani chai, siku nzima anashika waya, nikaona huyu ndiye anatuletea huo umeme, basi tangu Februari akifika namsimamisha nje kwa nyasi bila viatu mpaka nimalize kusonga ugali, ndio ile stima ishuke kwa udongo, na hata akiingia simruhusu amguse Shirley. Ananiambia, "Eddah, mimi si transfoma," lakini anasimama, hata mvua ya mawe ilimpata hapo. Dawa nampatia mtoto kila siku, na kweli miezi mitatu hajaanguka. Lakini juzi aliniuliza, "Mama, baba ananiogopa juu ya ugonjwa?" Nikaendelea kusonga ugali. Nikimwachilia Jackton amshike na mtoto aanguke, si nitakuwa nimemuua?

Mama Shirley

Mama Shirley, daktari alikueleza sawa na ukasikia sawa, halafu mwisho ukaongeza wa kwako. Umeme huo seli hujitengenezea yenyewe, kwa chumvi za ndani na za nje, na ni mdogo, hauwezi kuwasha tochi. Wewe unao, mimi ninao, ng'ombe wako anao. Zile protini zisiposogea, huwezi hata kuinua mwiko. Hauletwi kwa mikono kutoka kiwandani na haushuki kwa nyasi. Kinachosaidia milango ya Shirley ijifunge kwa wakati ni tembe, na anayempa kila siku ni wewe. Sifa hiyo chukua. Ile ya nyasi rudisha.

Sasa nikugombeze. Mtoto anadhani babake anamkimbia, na wewe umesimama hapo na mwiko ukijua sababu! Mwambie leo, "Ni mimi nilikosea." Tembe usiruke hata siku moja bila kuuliza kliniki. Anaweza kuanguka tena, sitakudanganya. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, usitafute wa kulaumu. Na akianguka mikononi mwa babake, angalau hatagonga sakafu.

Mpe Jackton viatu vyake aingie.