Nimezibana Suruali za Mume Wangu

Dada Bertha, nina kosa nimelificha na sasa linanitia hofu, naomba unisikilize.

Mimi ni fundi cherehani hapa Igowole, mume wangu Anania alipata shambulio la moyo mwezi wa pili, Mungu akamnusuru, daktari akamwanzishia mazoezi ya moyo, kila wiki anakwenda hospitali Iringa na kila asubuhi anatembea hadi kwenye mashamba ya chai, akaambiwa pia apunguze mwili maana alikuwa na kilo mia moja na kumi na mbili, na kweli akapungua, ila suruali zikamlegea na wifi yangu Rozalia akanisimamisha nje ya kanisa watu wakisikia, "Jamani wifi, kaka yetu mbona kaisha hivi, ugali umemnyima?", nikaona aibu, maana huku mume akikonda anayesemwa ni mke, basi kila nikifua suruali zake nikawa nazibana kiuno kidogo kidogo bila kumwambia, zote isipokuwa ya suti iliyo sandukuni. Miezi minne sasa, na juzi akasema, "Mama Yohane, mimi naacha. Suruali zinanikaa vilevile. Wale manesi na mizani yao wananibembeleza tu." Nikinyamaza anaacha, nikisema ataniona mke wa namna gani?

Verediana, Igowole

Verediana, pole kwa yote, lakini mama, umefanya nini? Mtu anapambana na baridi ya Mufindi kila asubuhi, wewe unamfuata nyuma na sindano ukifuta kazi yake! Wifi yako akimaliza kusema anarudi kwake kula. Wewe ndiye utakayebaki mjane.

Kwa mtu mnene kama yeye, mwili ukipungua kwa utaratibu wa daktari, moyo unapata nafuu. Wala asipime kwa suruali au kilo peke yake. Muulize, njia ile ya kwenda kwenye chai alikuwa akisimama kuvuta pumzi mara ngapi, na leo anasimama mara ngapi? Wiki hii nenda naye Iringa, umsikie nesi mwenyewe na uulize cha kumpikia. Mchukue na Rozalia, maswali yake akayaulizie huko.

Lakini leo usianze na maelezo. Toa ile suruali ya suti, mpe aivae. Akishaona anaishikilia kwa mkono isianguke, ndipo umwambie ulichofanya. Atakasirika, mwache akasirike. Kesho asubuhi atatembea.