Bodi Isiyo na Mataa

Pleven, Jumamosi

Kaka Ognyan,

Sikukwambia: walinifukuza ofisini nilipogombana na mkurugenzi. Nikaamua kujiundia kompyuta, nichore ramani za nyumba hapahapa kwangu.

Muuzaji alinisukumia bodi mama, ile inayounganisha vipande vyote vya kompyuta, ya ghali, yenye mataa ya rangi. "Mama, hii rahisi ni ya wanyonge."

"Mwanangu, nachora nyumba, sifungui disko." Nikachukua rahisi, maana inapokea memori zangu za zamani.

Majirani walipoona boksi wakadai glasi ya rakia, pombe ya kukaribisha kitu kipya, kama ada. Nikawamiminia kabla sijaiwasha kompyuta! Stanka wa ghorofa ya pili akacheka: "Tunakunywa ya arusi au ya matanga?"

Ingegoma, ningekuja Munich kama ulivyotaka. Nikabonyeza. Ikawaka, ramani ya mteja wangu wa kwanza ikafunguka, wakashangilia.

Chumba ulichonitengea mpangishe mwingine.

Dada yako mbishi,
Tsvetana