Sweta la Babu Tarsis

Shoga, nimeongea na bibi Candida sasa hivi.

Unajua miaka ya hamsini alikuwa akienda Kariakoo kutazama mikeka, aige nakshi zake kwenye masweta?

Siku moja akapitia kwenye nguo za kafaulaya, mitumba ya wakati ule, anunue sweta kuukuu alifumue apate uzi. Akakuta la kwake! Lenye nakshi ya mkeka, alilomfumia babu.

"Umelitoa wapi?" akamuuliza muuzaji.

"Ulaya, mama."

Ulaya! Shoga, babu alikufa kwa homa akilalamika baridi, bibi akamvika sweta hilo kwenye jeneza. Alizikwa nalo. ALIZIKWA NALO.

Alilinunua, akalifumua, akafuma shali la kubebea watoto.

Mwanangu amelala ndani yake hapa.