Saa Moja na Dakika Arobaini hadi Vienna

Elbasan, nyuma ya ngome,
14 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Ylber,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, Gudrun na watoto. Kifua chako kinachobana wakati wa baridi kinaendeleaje? Sisi huku tu wazima, ila mizeituni mwaka huu imezaa kidogo, na magoti ya Mama hayataki ngazi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningepiga kelele.

Mwezi wa tisa Entela, binti wa jirani yetu Sanije, alikuja kutoka huko kwenu Vienna kwa arusi ya mdogo wake. Mchana akapita kutusalimu.

"Mama Hatixhe, chai ya asubuhi leo nimeinywea kwangu Vienna!"

Mama akacheka. "Usinitanie, we mtoto. Ylber kasema ni masaa kumi na moja, unabadilisha ndege mara mbili. Kwa magoti haya si nitafia njiani?"

"Kubadilisha ndege wapi tena? Kilomita mia nane tu, Mama. Saa moja na dakika arobaini. Hata usingizi haukolei."

Mama akanigeukia. Nikatazama chini. Miaka sita nimejua unamdanganya, nikakufichia, nikidhani unaona haya kwa kuwa nyumba yako ni ndogo.

Hakulia. Kesho yake alikwenda kuomba pasipoti. Ilipotoka, akaondoka Alhamisi asubuhi peke yake, amevaa koti alilolinunua kwa msiba wa Baba kwa sababu ndilo zuri, na byrek mkononi, ile pai yetu ya jibini, bado ya moto. Alinikataza nisikupigie simu. Alitaka kukushtukiza, na alikuwa akicheka kama msichana.

Nawe, alipokupigia simu akiwa ameshatua Vienna, ukampokeaje? Ulimnywesha kahawa palepale uwanjani, ukamwambia wakwe zako wamekuja na chumba hakuna, ukamkatia tiketi ya ndege ya alasiri. Jua halijazama, huyo mlangoni kwangu. Nilidhani ndege haikuruka.

"Imeruka vizuri," alisema akivua viatu. "Nimemwona. Amekonda."

Hayo mengine niliyatoa kwake kidogo kidogo, siku tatu nzima.

Jumapili Sanije akamwuliza habari za kwako. Nikamsikia mama yetu, ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo, akimweleza mapazia yako, bustani yako, na jinsi wajukuu walivyomng'ang'ania shingoni asiondoke.

Msalimie Gudrun. Wasalimie watoto, ikiwa wanajua wana shangazi. Mume wangu Bardhyl hakutuma salamu, nami sikumwomba. Mungu awakuze wanao, wala wasijifunze kwako.

Mama anakusalimu sana. Salamu hiyo ni yake mwenyewe. Nimeiandika kama alivyoisema, sikuongeza kitu.

Dada yako, nikupendaye bado, na inaniuma,
Lumturi