Mama Peke Yake Mpaka Montréal

Jumatatu, 3 Juni

Mazoezi tena baada ya chai. Mama kwenye kiti, mkoba mapajani, mimi najifanya askari wa uwanja wa ndege. Pasi? Anaionyesha. Tikiti? Anaionyesha. Amenichoka, nami nimemchoka.

Simu inasema Kisangani mpaka Montréal ni zaidi ya kilomita elfu kumi, masaa kumi na tatu angani. Uongo mtupu. Kana kwamba kuna ndege inayotoka hapa moja kwa moja! Kwanza Kinshasa, alale kwa Tonton, mjomba wetu. Halafu Istanbul, abadilishe ndege. Ndipo Montréal.

Dada yangu Odette atajifungua huko mwezi huu, uzazi wa kwanza. Kwetu mama ndiye humkanda binti yake kwa maji ya moto. Odette hataki mtu mwingine. Mama hakutaka kwenda. Mimi ndiye niliyemsukuma. Miezi mitatu tu, nilimwambia.

Jumatano, 5 Juni

Ameondoka. Uwanja wa ndege wa Bangboka jua kali, ndege ikachelewa mpaka alasiri. Hakugeuka kunitazama. Nilikasirika, kisha nikalia juu ya pikipiki njia nzima.

Ijumaa, 7 Juni

Jana jioni Tonton alimfikisha uwanjani Kinshasa. Sasa lazima yuko Istanbul. Simu yake haishiki huko. Sijapika leo.

Jumamosi, 8 Juni

Mama hayupo. Odette alienda kumpokea na tumbo lake lile. Abiria wakatoka wote, Mama hakuonekana. Odette ananipigia kila mara, analia, ananiuliza mimi niliye huku Kisangani Mama yuko wapi. Ningejuaje? Nimemjibu vibaya.

Mama hana Kifaransa cha kuombea hata maji. Ana Kiswahili, Lingala na biashara yake ya samaki. Naogopa. Naogopa sana.

Jumapili, 9 Juni

Amepatikana! Msafiri mmoja Mkongomani alimsikia akisali kwa Lingala, akampa simu.

"Nilikuwa nangoja baniite," aliniambia. "Hapana mutu aliniita."

Alikaa huko Istanbul mbele ya mlango wa ndege yake mwenyewe. Akawatazama wenzake wakiingia mpaka wakaisha. Miaka yote amepakia samaki bandari ya Basoko, amezaliwa Yanonge kando ya mto, na mashua za huku haziachi mama nyuma. Vijana hupiga kelele, hukufuata mpaka sokoni, hukuita kwa jina. Nilimfundisha pasi, tikiti, namba za milango. Kwamba kule mtu huondoka bila kuitwa, hilo halikunijia akilini kabisa. Siku mbili amelala kitini kwa sababu yangu.

Ndege nyingine kesho.

Jumanne, 11 Juni

Amefika. Odette alijifungua jana, Mama akiwa bado angani. Mtoto wa kike. Wote wazima. Mama amevua viatu tu, akaomba maji ya moto. Nimecheka peke yangu jikoni. Nimepika pondu, majani yetu ya muhogo, nimekula sahani mbili.

Jumapili, 23 Juni

Mama amepiga. Mtoto ananyonya vizuri. Nikamwambia mwezi wa tisa nitashuka Kinshasa kumpokea.

"Ile njia, mwanangu, sitapita tena. Bon, basi. Niko muzuri huku."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekataa chai. Sikubishana. Nikauliza kama mtoto amefanana na nani, akasema na mimi.

Jioni jirani ameuliza kutoka upande wa pili wa ukuta Mama anarudi lini. Nimesema mwezi wa tisa.